Yasiyoandikwa Daftarini

Kanuni ya daftari la shule ni fupi:
andika tukio, usiandike maoni.
Basi Jumatatu, Septemba tisa,
nikaandika: Kumi na saba hawapo. Beri.
Nikaweka nukta, nikafunika kidau cha wino.

Sikuandika kwamba Obadiah Tipton, kwa sababu ya mguu wake,
alibaki peke yake benchi la mbele
akikariri saba mara nane kwa sauti ya watu kumi
ili nisiusikie ukimya.
Sikuandika kwamba dirishani,
ng'ambo ya konde lililokwisha vunwa ngano,
niliona kofia zikiibuka na kuzama kwenye ua wa miiba,
na bakora ya babu wa mtu ikivuta chini tawi la juu,
maana beri nono, kila mwaka, hazikai pa kufikiwa.

Mwisho ni sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu.
Baada ya hapo, wanasema, Shetani huzitemea mate,
na hata kasisi, anayecheka ushirikina,
sijapata kumwona akizionja mwezi wa Oktoba.
Kwa hiyo wiki tatu. Wiki tatu za kuamka na umande,
ndoo, birika bovu, kofia ya marehemu,
chochote chenye kina.
Jioni, stesheni, Bwana Scrivens hupima
beri pamoja na kidole gumba chake,
peni moja kwa ratili,
na gari la moshi la saa moja huzipeleka Manchester,
kwenye masufuria ya jemu
ya watu wasiojua mwiba wake unaingilia wapi.

Mchumia juani hulia kivulini?
Labda kwingine.
Huku juani ni kwa mmoja, kivuli ni cha mwenzake.

Alhamisi alikuja Mkaguzi,
ametoka kula kwa kasisi.
"Watoto wako wapi?" akauliza,
na kwenye pembe ya mdomo wake
palikuwa na doa la zambarau, bado bichi.
Ningeweza kumpa leso.
Nilimpa daftari.
Alisoma lile neno, akalipigia mstari,
akanikumbusha kwamba ruzuku hulipwa kwa vichwa
na kichwa kilicho kichakani hakihesabiki.
Mshahara wangu utapungua. Hilo ni tukio; nililiandika.

Keturah Beddoes alirudi tarehe thelathini,
vidole vyeusi hadi fundo la pili,
kama mtu aliyeandika usiku kucha.
Nilimwambia anyooshe mikono. Fimbo ilikuwa mezani.
Akainyoosha, viganja juu, bila kuambiwa mara mbili:
mikwaruzo juu ya mikwaruzo,
na mwiba mmoja umevunjikia ndani ya kidole cha shahada.
Nikaacha fimbo. Nikatafuta sindano.
"Umepata ngapi?"
"Shilingi tano na peni mbili, mwalimu."
"Za nini?"
Hakujibu. Alitazama miguu yake,
nami nikaitazama, na mwiba ukatoka.

Rangi ile haitoki kwa sabuni.
Hutoka kwa siku, taratibu,
kucha ikikua, ikisukuma mbele Septemba yake.

Januari theluji ilifika kizingitini.
Watoto wa kule bondeni hawakuonekana,
na wawili wa mwenye kinu, wenye gari na farasi, walikuwa na mafua.
Kabla sijagusa kengele nikasikia
misumari ikigonga mawe ya uani:
viatu, vya mtu mzima, vimeshindiliwa magazeti,
na ndani yake, mahali fulani, Keturah.

Nilimwita jina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika
katika chumba cha watoto wawili.
Nikaandika: Theluji nyingi. Tipton, Beddoes: wapo.

Kisha nikamuuliza saba mara nane.
Hakujua. Angejuaje?
Obadiah akamnong'oneza nyuma ya kiganja,
nami wakati huo, kwa bahati,
nilikuwa nimeinama kuchochea moto.