Bahasha kutoka Adam

Bahasha ina tarehe ya miaka tisa nyuma,
mwandiko wangu wa zamani, wa pupa:
"Adam. Shamba la Ghuneim. Mtende wa tatu.
Falaji imekauka."
Nimeikuta nyuma ya droo nikitafuta betri.

Udongo haunuki kitu.
Naweka kijiko kimoja juu ya karatasi ya shashi,
maji chini yake, nafunika,
nakwenda kunywa kahawa.

Ukoo wake naujua kwa moyo:
nematodi, mlaji wa bakteria,
familia Cephalobidae, jenasi Acrobeles.
Mama, aliyeingia Nizwa na Kipemba chake kizima,
alinisikia nikidurusu, akasema:
"Jina refu kuliko mwenyewe."
Kweli. Nusu milimita, na ushei.

Lakini mdomo!
Midomo imechanwa, imetiwa tarizi,
pindo juu ya pindo, meno membamba ya uzi.
Nani tena huvaa kofia mdomoni?
Ngozi yake kanzu juu ya kanzu, pete pete hadi mkiani,
na mwili kioo: unaona koo likipwita,
unaona yai, moja, limembana mamaye.
Macho hana. Mifupa hana.
Moyo pia hana, niliutafuta.

Siku ile Ghuneim alishika chupa ya dawa.
"Niwaue?"
Nikamwambia: adui ana sindano kinywani,
hudunga mizizi, huacha vifundo.
Huyu mfagiaji tu. Hula vijidudu,
na anachokojoa, mtende hukinywa.
Akacheka: "Kumbe nimeajiri wangapi?"
Mia kadhaa kila kiganja, bila mshahara.
Akafunga kizibo.

Maji hayakurudi. Mwaka wa pili
alihamia Suhar kwa mwanawe, ghorofa ya nne.

Wao hawakuhama. Maji yakikatika
hujikunja kama pindi la ukili,
hujikausha, huweka sukari mahali pa maji,
hawafi, hawaishi.

Saa tisa alasiri. Naitazama sahani.
Si kitu. Chembe. Si kitu, unywele wangu.
Kisha mmoja, pembeni kabisa,
anaukunjua mkia polepole,
kama mtu anayelikumbuka neno.

Na mwingine.

Napiga simu Suhar. Inaita, inaita.
Sijui nitaanzaje.
Ghuneim, watu wako wameamka,
wanaulizia maji.