Sehemu ya Tisa

Shujaa tuliyemzika sehemu ya nne
amerudi. Wamepita mlango wa nyuma wa wakati
wakakifuta kifo chake kama hesabu ya ubaoni.
Ukumbi mzima wa Winnipeg ukapiga makofi,
theluji ikiyeyuka viatuni.

Mimi nilikasirika.
Orest, siku ile ulilia hadi bisi zikalowa,
ukanikataza nisimwambie Halyna.
Machozi yale nani atayarudisha?

Maji yakimwagika hayazoleki.
Hawa wamekuja na ndoo.

Taa zikawaka. Watu wakatafuta glavu zao.
Nikabaki kitini,
koti lako nimelivaa, mikono imenizidi,
nangoja kile kipande kidogo
kinachokuja baada ya majina yote,
kwani wewe
hukuwa mtu wa kutoka mapema.