Mia Tatu na Moja

Tulihamisha mwezi wa tatu
nyimbo elfu na mia mbili za wavuna mahindi wa Guria,
kutoka folda aliyotuachia Vazha, "mpya_mbili_ya_mwisho_kabisa",
hadi seva ya Tbilisi, kila wimbo na jina lake.
Mkurugenzi akakata keki. Nikaenda kulala.

Asubuhi nikafungua kumbukumbu za seva.
Mia nne na nne. Mia nne na nne.
Ndivyo mashine isemavyo: simjui umtafutaye,
kisha hufunga mlango bila hata kukohoa.

Wengi walikuwa roboti, na roboti hawana machozi.
Lakini mmoja, kutoka Thesaloniki,
kila Jumapili saa tano na dakika kumi usiku,
alikuja palepale: kaseti ya kumi na saba, upande wa pili.
Hodi mara tatu, akaondoka.
Wiki ikapita, akarudi.

Nikaisikiliza. Wanaume wanne, sauti zinagombana na kupatana,
mbwa anabweka,
na katikati mwanamke anacheka, anasema,
"Mwongezeeni Otia mkate."
Basi.

Kumwelekeza mtu ni mstari mmoja tu:
anwani ya kale, nafasi, anwani mpya.
Wa kwanza niliukosea. Ya kale ikamtuma kwa mpya,
mpya ikamrudisha kwa ya kale,
kama ofisi ya pasipoti, nenda dirisha la tatu, rudi la kwanza,
hadi kivinjari kikasusa.

Wa pili ulinitaka nichague namba.
Mia tatu na mbili: ametoka, atarudi, endelea kuulizia hapa.
Mia tatu na moja: amehama.
Mkono ukasita.
Mama yangu yuko Bari mwaka wa kumi na moja, anauguza wazee wa watu,
na kwenye kengele ya mlango wetu jina lake bado lipo.
Nyumbani kwetu sote
tunasema mia tatu na mbili.

Nikaandika moja. Faili halirudi, hilo nalijua.

Jumapili nikakesha.
Saa tano na dakika kumi
akapiga hodi mlango wa kale, kwa mazoea.
Mlango haukumweleza kitu. Ulimshika mkono tu.
Dakika nne na sekunde tisa, wimbo mzima.
Kisha akaurudia.

Wiki iliyofuata alipitia kulekule kwa zamani.
Hajajua kwamba tulihama.
Mkurugenzi anataka tusafishe mistari isiyo na kazi.
Huu nimeuruka.