Msumari

Mwezi mzima wa mwanzo Bwana Shaame hakunipa uso.
"Nyuso zinakuja zenyewe," alisema,
"zinataka pasipoti, zinataka kitambulisho,
masikio yote mawili, pazia la buluu nyuma.
Wewe nenda kaniletee mstari."

Nikamletea waya wa umeme wa Jadida.
Akautazama kwenye kioo cha kamera,
akakohoa.
"Huu waya, Raya.
Mstari ni kile kinacholishika jicho mkono
kikalipeleka pahala."

Siku tatu niliizunguka Wete.
Nikaupata nyumbani, kichwani mwa mdogo wangu,
bibi akimsuka: njia nyeupe yenye mafuta ya nazi
kutoka kwenye paji hadi kisogoni,
imepinda kidogo pale alipolia.
Bwana Shaame hakukohoa.

Umbo nilifunzwa na masufuria
yaliyofudikizwa kichanjani baada ya khitma,
matako saba meusi, na la nane jipya
linang'aa, halijaujua moshi.

Unamu sikuwa nikiujua hata jina.
"Fumba macho, gusa kitu,
kisha fumbua uone kama jua linakubaliana na kidole."
Nikagusa karafuu jamvini, nikapiga saa sita.
Picha ikatoka bapa kama ubao.
Nikarudi alasiri, jua limelala ubavu,
kila punje imepewa kivuli chake,
kila kichwa kimesimama.
Kumbe mwanga wa juu unatazama tu;
wa ubavuni unapapasa.

Rangi ilinitia adabu.
Nilidhani rangi ni kanga.
Akanifunga na jamvi moja, siku nne,
kila asubuhi picha moja:
kijani chenye wekundu shingoni,
kisha kutu, kisha hudhurungi, kisha ile
isiyo na jina ila jina la karafuu mwenyewe.
Siku ya tatu ikanyesha.
Nikapiga watu wakikunja majamvi mbio,
picha ikatikisika: mguu wa ami Faki, ndoo, basi.
"Hii haina somo," nilisema.
Akaibandika ukutani mwa studio.
Mpaka leo hajanieleza.

Ikabaki nafasi.
"Pahala ulipoacha kuweka kitu," alisema,
"na bado pakasema."
Sikumfahamu.

Chumbani kwa mama, juu ya kitanda,
upo mraba mweupe kuliko ukuta unaouzunguka.
Ndipo ilipotundikwa picha ya harusi
kabla baba hajaoa Mombasa,
kabla mama hajaishusha, Ijumaa moja, bila neno,
akaipangusa vumbi kwanza
ndipo akaifungia sandukuni.
Chokaa ya chini yake ilibaki kijana,
miaka kumi na miwili haijaguswa na moshi wa kandili.
Mistari minne. Umbo moja.
Rangi mbili za chokaa ileile.
Na dirishani, mwanga unapapasa.
Nikapiga mara moja tu.

Mama alikuwa mlangoni, beseni la nguo kiunoni.
"Wapiga nini hapo? Hapana kitu."
"Ndiyo, mama," nikasema.

Bwana Shaame aliivuta ikawa kubwa,
akairudisha, akaivuta tena.
Akavua miwani.
"Imekaa," akasema. "Ila huo msumari hapo juu
unalivuruga jicho.
Ungesogea shibiri moja ungebaki nje."

Katika mambo ya mwanga hajawahi kunipoteza.
Lakini mimi nilikuwa nimeshauona
kabla kidole hakijabonyeza,
ulivyopinda kwa uzito,
na kutu iliyochirizika hadi kwenye mraba.
"Msumari unabaki," nikasema.

Akavaa miwani.
Akalinyoosha pazia la buluu, mkunjo kwa mkunjo,
kama hakunisikia.
"Kesho saa mbili anakuja Bi Mwanaidi wa posta,
anataka pasipoti," akasema.
"Utampiga wewe."