Sehemu ya Pili Haikutoka

Tulilipa shilingi mia, kibanda cha Mzee Kondo, Tandika.
Bati linachoma, feni inatuzungushia jasho letu lile lile,
na kwenye runinga ya chogo mzimu unatoka kaburini
umevaa kandambili.

Tukacheka. Nani asingecheka?
Unga wa muhogo usoni, wanja umechuruzika,
mshipi wa kuvulia samaki ndio unaoinua sufuria,
unang'aa kuliko mwezi, na mwezi wenyewe ni taa ya pikipiki.
Madirisha yamezibwa magunia ili uwe usiku wa manane;
nje, muadhini anaadhini Alasiri.
Maiti akapiga chafya. Hawakurudia:
kanda iliyobaki ilikuwa ya harusi ya watu.

Pazi ndiye aliyeitunga, fundi friji wa Keko,
kamera ya kuazima, mwisho saa kumi na mbili.
Mganga alisahau maneno, akataja majina ya vituo,
Buza, Yombo, Vituka, kwa sauti ya kifuani,
na jini likatii.

Lakini kuna pale.
Dakika ya arobaini hivi, muziki hamna, kinanda kimekwisha betri,
mlango wa uani uko wazi, kamba ya nguo, kanga moja,
basi. Kamera kama imesahauliwa ikitazama.
Kanga inatikisika.
Halafu haitikisiki.
Kibanda kizima kimya. Mpiga debe wa stendi,
mtu mzima na ndevu zake, akapandisha miguu juu ya benchi.
Nilimuuliza Pazi kama alikusudia.
Mara ya kwanza alisema ndiyo. Mara ya pili alisema betri.

Mzimu alikuwa Bi Sikudhani wa vitumbua.
Mwezi mzima sikununua kwake.
Akaniita: "Njoo, mimi mzima, nishike."
Nikamshika. Mkono wa moto, unanukia iliki.
Nikakimbia hivyo hivyo, nikaacha na chenji.

Mwishoni anaikazia kamera macho,
jicho moja limeingia unga, analia kwelikweli,
anasema, "Nitarudi. Mtanikuta mlangoni."
Kisha herufi za njano, zimepinda:
TUKUTANE SEHEMU YA PILI.

Haikutoka. Pazi alirudi kwenye gesi na mafriji yake.
Bi Sikudhani tulimzika Chang'ombe, mvua za vuli,
na hakuna aliyewasha moshi.

Juzi nimeikuta sidii yenyewe sokoni, chini ya lundo la chaja,
imekwaruzwa kama sufuria ya ugali.
Nikaja nayo. Mwanangu anazicheka kandambili,
nami nacheka, nacheka mno,
mpaka picha inakwama pale kwenye jicho,
inasogea, inakwama:
Nita. Nita. Nita.

Nikainuka kwenda kufunga mlango wa uani.
Nikaurudisha nusu.