Mkono Mdomoni

Kwetu mto una rangi ya chai,
na kijiji kikaitwa hivyo hivyo, Maji ya Chai,
kama mtu aliyepewa jina la Tabu
akaitika miaka yote bila kuuliza.

Mama alichota alfajiri, kabla punda wa mzee Kaaya hawajavuruga,
akachuja kwa kitambaa cheupe, akachemsha,
akafunika. Nani angefanya zaidi?
Maharage magumu aliyatia magadi yalainike,
magadi ya udongo uleule,
na tulipoota meno ya pili
yalitoka tayari yamekunywa.

Kahawia. Mengine na michirizi,
kama vikombe vya msibani vilivyooshwa harakaharaka.
Mwalimu mgeni, wa kutoka Tabora,
alitupanga mstari Jumatatu, akakagua kucha, nywele, meno,
akachapa darasa zima kwa kutopiga mswaki.
Tulichapwa na mkaa wa asubuhi ungali kwenye fizi.
Tulikuwa tumesugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mchanga wa mto;
Nderingo alisugua kwa kipande cha tofali
mpaka akatema damu.
Jioni hatukusema nyumbani.
Nani amshitaki mama kwa maji?

Ndipo mkono ukapanda.
Simkumbuki aliyenifundisha. Shangazi alichekea ndani ya khanga,
baba nyuma ya kofia,
na wageni waliokuja harusini wakasifu:
watu wa huku wana adabu, hawacheki ovyo.
Basi tukawa watu wa adabu.

Nderingo, maji yalimshuka miguuni.
Magoti yalikosana, kila moja likashika upande wake.
Bibi akataja kiapo: babu alihamisha mpaka wa shamba usiku.
Mchungaji akataja imani haba.
Kondoo akachinjwa, nyama tukala, mifupa tukamtupia mbwa,
naye mbwa, nakumbuka,
meno yake yalikuwa kahawia.

Miaka baadaye, hospitali ya Mawenzi, daktari kijana
aliinua picha ya mifupa dirishani.
"Floraidi," akasema, akaiandika kwenye kadi.
Neno jipya, silabi nne,
na bibi ameshazikwa na kesi yake ya mpaka.
Nderingo aliuliza kitu kimoja tu:
"Kwa hiyo babu hakuhamisha?"

Mimi niliolewa Moshi, Pasua, penye bomba la maji matamu.
Kwenye picha ya harusi nimefunga midomo
kama fundi aliyebana pini.
Mjukuu wa shangazi aliiona akauliza,
"Siku hiyo mlikuwa mmegombana?"

Binti yangu Elinami amekunywa ya hapa tangu siku ya kwanza.
Meno yake ni mahindi machanga.
Wakati anaota yale ya mbele
nilikuwa namfungua mdomo usingizini, na tochi ya simu,
nahesabu meupe.

Jumamosi iliyopita, tunamenya ndizi za mtori,
nikamsimulia mbuzi wa mchungaji
aliyepanda madhabahuni akala ratiba ya ibada.
Akacheka, akacheka mpaka kisu kikamponyoka,
na mkono wake, wenye utomvu wa ndizi,
ukapanda, ukafunika.

Nikaushika. Nikaushusha.
"Wewe huna cha kuficha," nikamwambia.
Akanitazama kama nimesema Kijerumani.
"Kwani nimeficha nini?
Si ndivyo watu wanavyocheka?"

Utomvu ulikuwa umetugandisha, kiganja kwa kiganja,
na kicheko cha mbuzi kilikuwa bado kooni kwangu, kinapanda,
nami natafuta mkono wa kukifunikia:
wa kulia ameushika yeye,
wa kushoto una kisu.