Mshokishoki wa Pasua

Mbegu ya shokishoki haijui kungoja.
Siku tano ikauke, basi, imebaki kokwa tu.
Nikaifunga katika ncha ya leso iliyolowa,
nikaipakata kutoka Muheza
hadi stendi ya Moshi. Mlima
ulikuwa umejifungia ndani, haukutoka kunilaki.

Nikaipanda Pasua, nyuma ya jiko,
maji ya kuoshea mchele yakawa yake.
Mama mkwe, Ndeshukurwa, akauliza: mti gani huu?
Nikamwambia tunda lake lina nywele,
jekundu nje, ndani jeupe,
linateleza kama jicho la samaki.
Akacheka. Kwetu huku, alisema,
tunda lenye nywele ni mtoto.

Miaka saba.
Mti ukanizidi kimo, ukauzidi ukuta wa jirani,
ukachanua vijiua visivyo na majivuno,
nyuki wakaja, wakaita na wenzao.
Tunda, hata la kumpelekea mgonjwa, hakuna.

Na mimi nilikuwa nikihesabiwa.
Harusini walinipa watoto wa watu nibebe,
"mkono uzoee," wakisema.
Majani yaliyochemshwa, machungu,
kikombe juu ya kikombe, nikanywa.

Mwaka wa ukame mama mkwe alikuja na panga.
"Baridi ya mlima imeua uzazi wake."
Alikuwa akiutazama mti.
Nadhani alikuwa akiutazama mti.

Ndipo shangazi Mwanamvua alipopanda kutujulia hali.
Akainamisha tawi, akachambua ua kwa ukucha,
akacheka hadi ushungi ukamwanguka:
"Dume hili! Mwalidai mimba dume?"

Hakuna aliyecheka naye.
Aminieli alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi.
Bahasha yake ya hospitali, ya tangu Machi ile,
iko chini ya godoro, upande wake.
Naijua. Mimi ndiye ninayetandika.

Usiku hakusema neno.
Alinichemshia maji ya kuoga,
akayapoza, akayajaribu kwa kiwiko
kama wafanyavyo wenye watoto wachanga.

Asubuhi panga lilikuwa limerudi ukutani,
na shinani pa mti, jani la sale,
limepigwa fundo.
Sijauliza ni nani aliyeliweka,
wala linamwomba radhi nani kati yetu wawili.
Nikamwaga maji ya mchele, kama kila siku,
taratibu, nikilikwepa fundo.